Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Ekseli ya Nyuma na Ukaidi wa Bolti Zilizoota Kutu

Mzee wetu mwenye Landrova, mafundi wa gereji hii na wa gereji jirani, mama lishe pamoja na wateja wako walioacha chai ipoe ili wanisikilize, vijana wa bodaboda, na wewe saidia fundi uliyelala chini ya gari, ambaye hapa nilipo naona kandambili zako tu: itifaki imezingatiwa.

Naomba redio izimwe. Ahsante. Kiti changu kisogezwe upande wa mwarobaini, maana jua la Tanga la saa sita halijali cheo cha mtu. Ahsante tena. Na yule mwenye grainda asubiri kidogo. Mageti yatachomelewa kesho pia. Mimi kesho huenda nisiwepo.

Wengi mnanifahamu. Wasionifahamu wamechelewa tu, siwalaumu. Mimi ni bingwa wa ekseli za nyuma, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona wanaotoa vyeo wanasuasua. Elimu yangu nimeipata kwa kutazama. Anayekimbilia kushika spana huishia kuijua spana. Anayekaa kando na kikombe cha kahawa huijua kazi nzima, pamoja na makosa ya wote wanaoifanya. Tazameni mikono hii. Hakuna grisi hata chini ya ukucha. Nimeitunza hivi kwa miaka yote ya utaalamu wangu, na si kazi ndogo kwa mtu anayeshinda gereji.

Mada yetu ni kubadilisha ekseli ya nyuma ya gari kuukuu ambalo bolti zake zimeota kutu. Mfano tunao mbele yetu: Landrova ya mzee, Series III, ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwa mlioanza shule baada ya inchi kuondoka, ni kama sentimeta 277. Landrova ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Waingereza walikuwa wametoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, aluminiamu ipo, wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Hii Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na bodi yake ni hiyohiyo.

Hapo ndipo watu wengi wanapoponzwa. Aluminiamu haioti kutu. Mtu anaizunguka Landrova ya miaka arobaini, anagonga mlango kwa vidole, anasema gari zima hili. Lakini chasisi ni chuma, springi ni chuma, ekseli ni chuma. Juu bibi harusi, chini maiti. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilijaa Landrova kwa mamia, zikaandamana, zikapigwa picha, na katika picha zote nilizoziona sikumwona hata mtu mmoja aliyeinama kutazama uvunguni. Mimi ningeinama, laiti ningealikwa na laiti si kiuno.

Sasa mjue gari hili limefanya kazi gani. Mzee wetu ni mchuuzi wa samaki. Viti vya nyuma aling'oa, akapanga makasha ya samaki na barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yanachukua chumvi ya samaki, yanapita kwenye matundu ya sakafu na kudondoka juu ya ekseli. Jioni gari linarudi kinyumenyume hadi baharini, magurudumu nusu majini, linavuta boti. Mimi si mtu wa kutia chumvi, na kwa habari hii sina haja, imeshatiwa.

Kutu, kwa faida ya meza kuu, ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Chumvi yenyewe haili chuma. Inayafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na uharibifu ambao bara ungechukua miaka, pwani unamalizwa kwa misimu. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifahamu, na ambalo mimi nimelifahamu siku zote ingawa aliyelitamka kwa sauti ni dogo huyu aliye chini: kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, tena mara kadhaa. Baina ya meno ya nati na meno ya bolti nafasi hakuna. Basi kutu inajibana mlemle na kubana kila kilichomo. Ndiyo maana bolti iliyoanza kuliwa, ambayo ungetarajia ilegee, ndiyo inayoshika zaidi. Andikeni hilo. Msiandike nani alilisema.

Tuje kwenye uchunguzi wangu. Mzee alilalamika kwamba breki za nyuma hazishiki. Dramu zikafunguliwa, breki shuu zikakutwa zimelowa oili ya difu, kulia na kushoto. Fundi mdogo angebadilisha oili sili na kwenda kula. Mimi nikaketi. Nikatazama. Nikaomba kimya. Kisha nikatamka: ekseli imekwisha, itafutwe nyingine nzima.

Dogo akaligonga kasha la ekseli kwa nyundo kuanzia kushoto hadi kulia, likaitikia mlio mmoja, mkavu, usio na mashaka. Akasema kasha bado zima. Nikamweleza kwamba ekseli inayokata roho hujikaza mbele ya wageni. Wakaimwaga oili: nyeusi, nene, na ule uvundo wa oili ya difu ambao ukishaingia kwenye shati, shati limekuwa la gereji milele. Dogo akaipitisha sumaku ndani ya beseni, haikuokota kitu. Akasema basi meno ya difu hayajaliwa. Mnaiona hatari ya elimu ndogo? Sumaku huokota chuma. Haiokoti wasiwasi, na wasiwasi niliokuwa nao mimi ulikuwa mwingi.

Ikanilazimu, kwa moyo wa kujitolea, kumtafutia mzee ekseli ya mtumba. Niliongea na muuzaji mimi mwenyewe, faragha, nyuma ya kontena, kwa manufaa ya mzee.

Hapa pana somo ambalo ningelitoza ada kama mngekuwa na uwezo. Ekseli ya 109 ina uwiano wa 4.7, maana yake propela izunguke mara 4.7 ndipo magurudumu yazunguke mara 1. Range Rover za zamani zina 3.54. Kwa nje unaweza kukuta kasha ni la Series kabisa, kumbe ndani mtu ametumbukiza difu la Range Rover ili gari likimbie barabarani. Ukiifunga hiyo nyuma huku mbele umebaki na 4.7, siku utakayoingiza magurudumu manne kwenye lami, mbele na nyuma zitavutana, na kitakachokatika kitajichagua chenyewe.

Utajuaje bila kufungua? Dogo alikuja na kipande cha chaki. Akapiga alama kwenye flanji inapofungwa propela, akapiga nyingine kwenye habu, akamwomba mtu ashike habu ya upande wa pili isicheze. Akaizungusha hii mzunguko mmoja kamili, taratibu, macho yake kwenye flanji. Upande mmoja ukishikwa hesabu inakuwa nusu: kwa 4.7, flanji itazunguka mara 2 na zaidi kidogo ya theluthi, kwa 3.54, hata 2 haifiki. Ekseli ya kwanza ilikuwa imepigwa rangi nyeusi ikang'aa, na nilikuwa nimeshaanza kumpa muuzaji mkono wa pongezi. Flanji haikufika 2. Niliikataa palepale, kwa kauli thabiti, mara tu dogo alipomaliza kuikataa.

Siku ya kazi ilipowadia nilivuta hendibreki kwa mkono wangu huu wa kulia, nikatangaza kwamba gari ni salama. Dogo akaondoka bila kujibu, akarudi na mawe, akayakingamiza mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Niliona ananivunjia heshima hadharani. Sasa, hendibreki ya Landrova hizi haishiki magurudumu. Ina dramu yake pekee nyuma ya gia boksi, inashika propela. Propela ikifunguliwa, hendibreki inabaki imeshika dramu yake tu, na gari halina mwenyewe. Nati ya mwisho ya propela ilipotoka, Landrova ikasogea upana wa kidole, ikakutana na jiwe, ikatulia. Napenda kuchukua fursa hii kulishukuru jiwe.

Kuhusu kuliinua gari sitasema mengi. Nilipendekeza matofali ya saruji, yamejaa hapo nje na hayana gharama. Fundi mkuu alinitazama, akaenda kuazima stendi za chuma, akaziweka chini ya chasisi mbele ya springi. Anadai tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka lote kwa mkupuo, na aliye chini hapati nafasi ya kusimulia. Nilizikubali stendi kwa sababu za kimuonekano.

Nati za propela zenyewe zilitupa mafunzo. Nilileta seti yangu ya spana, mpya, bado iko kwenye plastiki yake, milimita tupu. Landrova hii ni ya inchi: nati zile ni 9/16. Spana ya 14 haiingii. Ya 15 inaingia kwa raha, na katika raha hiyohiyo ndimo nati inamoliwa pembe. Kwa agizo langu nati moja ilizungushwa kwa 15 ikawa duara. Kuna waliocheka. Niliwakumbusha kwamba duara ni umbo kamilifu kuliko yote na kwamba sikuona mwingine pale aliyewahi kulitengeneza kwa spana. Dogo akachukua soketi ya 14, akaipigilia kwa nyundo juu ya lile duara hadi ikang'ata, akaifungua. Soketi ilikuwa yangu, kwa hiyo mafanikio ni ya pamoja.

Tulieni sasa, maana nafika kwenye moyo wa mhadhara: yubolti.

Ekseli hii inashikwa na yubolti mbili kila upande. Zinaipanda ekseli kwa juu, zinashuka pande zote za springi, zinapita kwenye sahani nene ya chini, na huko chini zinafungwa na nati. Nati nne huku, nne kule. Chini ya kila nati mkia wa bolti unachomoza, uchi, unapigwa na mchanga, tope na bahari. Watu wote wanahangaika na nati. Adui ni ule mkia. Nati hata ikiachia, lazima ipite juu ya meno yote yaliyobaki wazi, na kila jino limejaa kutu ngumu. Inafika katikati, inashika tena, na safari hii imepata joto la msuguano. Anayelazimisha hapo anabaki na spana yenye nati, na nati yenye kipande.

Dogo alianza tangu jana yake jioni, nami nilisogeza kiti ili nimsimamie. Alichukua brashi ya waya akausugua kila mkia, si kwa kupitisha tu, bali jino kwa jino, akizungusha mkono, hadi rangi ya chuma ikaonekana chini ya ule wekundu. Akapuliza dawa ya kutu. Akachukua nyundo mbili: moja akaiegemeza upande wa nati, kwa nyingine akagonga upande wa pili, ubavu kwa ubavu. Akapuliza tena. Baada ya muda tone likaanza kushuka kutoka juu ya nati, rangi ya udongo wa Lushoto. Akaliangalia lile tone, akasema imeanza kupita, akafunga vifaa vyake, akaenda zake nyumbani. Nyumbani! Saa kumi na mbili jioni, mgonjwa yuko mezani.

Asubuhi akarudi, akapuliza tena, na kitu cha kwanza alichokifanya kikanishtua: aliikaza nati. Kidogo tu, unywele. Kukasikika mlio, ka! Ndipo akaigeuza kufungua. Robo mzunguko, akarudi nyuma kidogo, robo nyingine, akarudi. Kila ikiwa nzito alirudi, akapiga brashi, akapuliza. Ikatoka. Ilichukua muda ambao mimi ningeweza kutoa mihadhara miwili.

Nikaona sasa ni wajibu wangu kuokoa ratiba. Kwanza nilichukua usukani wa maelekezo. Nikiwa nimeketi hapa, nyuma ya gari, nikawa namwambia "kushoto, kushoto zaidi, usiogope". Dogo ni mtoto mwenye adabu ya Kitanga, alifuata. Nati ile ya pili ilikazwa kuliko ilivyokazwa kiwandani. Aliponiuliza, "Profesa, shikamoo, kushoto kwako au kushoto kwangu niliyelala chali?", nilimjibu kwamba hilo ni swali la falsafa na tutalirudia. Hatujalirudia.

Kisha nikaagiza bomba. Bomba la maji la chuma, urefu wake mtu na nusu, likavikwa kwenye mkono wa spana. Vijana wawili wa bodaboda wakaombwa walining'inie. Dogo akatoka chini ya gari. Alisema ana kiu. Palitokea mlio ambao mama lishe atauthibitisha. Na hapa naomba kusahihisha uvumi unaoenea hadi Chumbageni. Bolti haikukatika. Bolti iliachia kwa pande mbili. Lengo la kazi lilikuwa kuitenganisha nati na ekseli, na nati ilitengana, ikiwa imefuatana na kipande chake. Kijana mmoja alichubuka kiwiko. Alikuwa na kiwiko dhaifu.

Nikaagiza gesi. Kanuni ya moto ni kongwe na ni sahihi: unaipasha nati, si bolti, nati ipanuke na ile kutu ipasuke, inapoanza kupoa unaigusisha mshumaa, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno, halafu unafungua bila kelele. Mtungi ukasogezwa, kibiriti kikatoka. Dogo akaja akasimama baina ya mwenye gesi na gari, akanyoosha kidole. Kwanza kwenye mpira wa breki, ule unaoshuka kutoka chasisi hadi kwenye ekseli. Kisha kwenye tangi la petroli, ambalo kwa 109 ya abiria liko nyuma, karibu kabisa na pale tulipotaka kuwasha. Hakusema neno. Mwenye gesi akafunga mtungi wake, akakumbuka ana miadi mjini. Nilitangaza mapumziko ya chai, na rekodi zioneshe kwamba nilikuwa nimepanga kuyatangaza wakati huohuo.

Baada ya chai fundi mkuu alifungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alisema: "Kata."

Tazama jinsi watu wa vitendo walivyo maskini wa lugha. Nilikuwa nimeelekeza kwamba kila bolti ya zamani itoke nzima, isafishwe, irudi kazini kwa heshima ya Waingereza. Kumbe yubolti za zamani hazirudishwi. Zimeshavutwa, kutu imezila unene, na mpya zinauzwa. Zikikosekana, wako watu wanaokunja chuma cha duara na kukitia meno siku hiyohiyo. Kuhangaika kuokoa kitu ambacho kitatupwa, alisema dogo, ni kumlipa mtu azoe taka kwa kijiko. Grainda ingeweza kutumika, ila grainda ni cheche na tangi liko palepale, kwa hiyo wakachukua msumeno wa chuma, wakazikata juu kwenye sehemu zinapoipanda ekseli, palipo pakavu. Dogo huku, fundi mkuu kule. Hakuna aliyezungumza. Mbinu hii nimeipa jina langu, na mtalisoma kwenye cheti.

Niseme kidogo juu ya sheko, maana huko niliwaachia mafundi kumbukumbu. Kwenye Series ekseli inakaa juu ya springi, si chini yake, hivyo ili itoke, springi lazima iachiwe kwa nyuma, kwenye sheko, ishuke. Nati ya pini ikafunguliwa, nikaagiza pini ipigwe nyundo itokee upande wa pili. Ikapigwa. Nikaagiza nyundo kubwa zaidi. Pini ikaota kofia kichwani na haikusogea. Dogo akaomba kusema. Sahani moja ya sheko hizi ina meno. Pini imezungushwa humo, na nati ile kazi yake ni kuzuia isilegee tu. Inazungushwa kutoka, haigongwi. Nilimjibu kwamba nilikuwa naipima sahani uimara wake, na sasa tunao.

Ekseli ilitoka, ikabebwa na wanaume wanne hadi chini ya mwarobaini, mimi nikihesabu moja, mbili, tatu. Kuingiza mpya hakuna cha kusimulia kwa mtu wa hadhi yangu. Mtazingatia kwamba kichwa cha senta bolti ya springi kiingie kwenye tundu lake chini ya ekseli, la sivyo gari litatembea upande upande. Mtazingatia pia kwamba pini za sheko hukazwa mwisho, gari likiwa limeshasimama kwa magurudumu yake, kwani ukizikaza likiwa juu ya stendi, mpira wa bushi unabaki umejipinda na unachanika mapema. Meno yote ya bolti mpya yalipakwa grisi, dogo akapitisha brashi mpaka kwenye mikia inayochomoza. Nilimuuliza kwa nini anapaka grisi mahali pasipo na nati. Akasema ni kwa ajili ya atakayezifungua siku nyingine. Sikumwelewa, hilo nalisema wazi: mimi sijawahi kupanga kurudi kwenye gari lilelile.

Kutoa upepo kwenye breki nilishiriki mwenyewe. Nilikaa kwenye usukani, nikakanyaga pedali. Inaanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, anayekanyaga anashikilia hadi aambiwe. Mimi huwa siambiwi. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari na, kama ilivyodhihirika, hayafai usoni. Maji ya kunawa yaliletwa haraka. Mama lishe, hongera.

Kwa hayo machache nakaribia kikomo. Vyeti vya ushiriki vipo, vina muhuri, bei yake ataitaja kijana wangu hapo mlangoni. Kama kuna swali moja fupi, la heshima, nipo.

Nani? Dogo. Toka basi chini ya gari uonekane unapozungumza na watu. Anasema anataka kuuliza juu ya... sema kwa sauti... anataka kuuliza kuhusu cha juu.

Hakuna cha juu! Nani kamwambia huyu kuna cha juu? Bei niliyompa mzee ndiyo bei ya muuzaji, shilingi kwa shilingi, na faragha ile ya nyuma ya kontena ilikuwa ya kuomba punguzo. Mwenye ushahidi aulete. Mimi ni mtu mzima, nina...

Ah. Cha juu ya ekseli. Kidude kilicho juu ya ekseli ya zamani. Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu.

Anasema kile kidude ni kipumulio. Anasema ekseli ikienda inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, na inatakiwa itokee hapo. Anasema ameichomeka waya, haikupita. Kimeziba kabisa kwa tope na chumvi. Anasema hewa ikikosa pa kutokea inaisukuma oili ipite kwenye oili sili, kulia na kushoto, hadi kwenye breki shuu. Anauliza, kwa adabu, kama kungezibuliwa hicho na kubadilishwa sili mbili...

Mzee, tafadhali, keti. Usinyanyue hiyo spana, ni ya gereji. Mbona watu mmesimama? Kwa mujibu wa ratiba muda wa maswali ulikuwa umekwisha kabla hajauliza, kwa hiyo swali lenyewe halijaulizwa. Redio inaweza kuwashwa. Iwasheni, kwa sauti. Grainda nayo, endelea kijana, kazi ni kazi.

Bodaboda, wewe mwenye kiwiko, washa.

Na ile ekseli ya zamani iliyo chini ya mwarobaini msiihangaikie. Chuma kichakavu ni hatari kwa watoto. Alasiri nitatuma guta lije liichukue likaitupe, na sitadai hata senti. Ila hicho kipumulio, dogo, kabla halijafika, kimalizie kukizibua.